Mashine Tumenunua, Hati ya Kuisomea Iko Wapi?

Ndege ya Ethiopian Airlines, safari namba 302, iliyoondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi asubuhi ya tarehe 10 Machi 2019 na kuanguka karibu na Bishoftu dakika sita baadaye, zikafa nayo roho 157, Wakenya zaidi ya 30 miongoni mwao, iliacha vinasa viwili ambavyo wengi wetu huviita visanduku vyeusi ingawa rangi yake ni ya chungwa lililoiva. Ethiopia haikuwa na vyombo vya kuvisomea. Ikaombwa Ujerumani, nchi ambayo ustadi wake katika mambo ya mitambo hapana asiyeujua, nayo ikajibu kwamba ndege hiyo ni ya aina mpya na programu ya kukisomea kinasa chake haimo mikononi mwa wachunguzi wake. Ndipo visanduku vikapelekwa Ufaransa, kwa ofisi ya uchunguzi wa ajali za ndege iitwayo BEA, iliyoko Le Bourget kando ya Paris, na huko vikasomwa.

Wakati ule watu walizungumza sana juu ya siasa ya safari hiyo ya visanduku, nani kamwamini nani na nani kamshuku nani, na kwa kiasi fulani walikuwa na haki. Lakini jibu la Ujerumani lilinikaa moyoni kuliko siasa yote, kwa kuwa lilibainisha jambo ambalo wanunuzi wa mitambo katika nchi zetu hawajalitia maanani: kuwa na namba na kujua namba hizo zasema nini ni mali mbili mbalimbali, na mwenye ile ya kwanza bila ya pili hana kitu. Rai yangu katika makala haya ni nyepesi kuisema, ingawa si nyepesi kuitimiza. Kila serikali, halmashauri, mamlaka ya maji au shirika la umeme linaponunua chombo cha kupimia kwa fedha za watu, lisitie sahihi ya kukipokea chombo hicho mpaka limekabidhiwa pia hati ielezayo, baiti kwa baiti, kile ambacho chombo huandika, pamoja na idhini ya kukigeuza kiwe jedwali la kawaida ambalo mtu yeyote mwenye kompyuta aweza kuliuliza maswali.

Kinasa cha ndege hakiandiki maneno. Kila sekunde hupokea habari kutoka kwa vihisi, au sensa kama mafundi wasemavyo, vilivyotapakaa mwilini mwa ndege, vya kasi, vya kimo, vya joto la injini, vya pembe ambayo kwayo bawa hukutana na upepo, kisha huziandika habari hizo kwa sifuri na moja tupu, zikiwa zimefungwa katika mafungu ya biti 12, ambayo kila moja laweza kubeba namba yoyote tangu 0 hata 4095. Katika kanuni iliyozoeleka ya uandishi huu, iitwayo ARINC 717, sekunde nne hufanya ukurasa mmoja, na kila sekunde hufunguliwa kwa namba ya kujitambulisha, 583 kwa sekunde ya kwanza, 1464 kwa ya pili, 2631 kwa ya tatu na 3512 kwa ya nne, ili msomaji aliyeingia katikati ya mkondo apate kujua yuko wapi. Hapo ndipo ukarimu wa kanuni unapokoma. Kwamba fungu la 40 la sekunde ya pili ni kimo au ni joto la mafuta, na kwamba 2048 iliyomo humo ni futi au ni nyuzi, hakuandikwi popote ndani ya mkondo huo; kumeandikwa katika hati iliyo kando, mahususi kwa mpangilio wa ndege ile, na ndege mbili za sura moja zaweza kuwa na hati zisizofanana. Ndiyo maana ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, limewausia wenye ndege waitunze hati hiyo pamoja na milinganyo ya kugeuzia namba ghafi kuwa vipimo.

Kwa sababu hati ilikuwapo na programu ilikuwapo, ripoti ya awali ambayo Ethiopia iliitoa tarehe 4 Aprili 2019 iliweza kueleza, pasipo kubahatisha, kwamba mara tu baada ya ndege kuruka kihisi cha pembe kilichokuwa upande wa kushoto kilipanda hadi nyuzi 74.5, ilhali mwenziwe wa kulia hakuzidi nyuzi 15.3. Mambo haya mawili hayawezi kuwa kweli pamoja kwa ndege moja. Programu ya ndani ya ndege, ile iliyoisukuma pua yake chini, ilikuwa ikimsikiliza wa kushoto. Ukishaigeuza faili kuwa jedwali lenye safu moja ya saa, moja ya kihisi cha kushoto na moja ya kihisi cha kulia, swali la kuuliza ni fupi kuliko salamu: nionyeshe kila wakati ambapo viwili hivi vimehitilafiana kwa zaidi ya nyuzi kumi. Kazi kubwa yote imo katika kufika hapo.

Msomaji asiyeamini kwamba kufika hapo ni kazi na achukue kalamu. Tuseme kipimajoto kilichowekwa Tanga kimeandika baiti mbili, 255 na 10. Baiti moja haiwezi kupita 255, kwa hiyo namba kubwa zaidi huandikwa kwa baiti mbili, moja ikihesabu mamoja na ya pili ikihesabu mafungu ya 256. Ikiwa ya kwanza ndiyo ya mamoja, tuna 255 na mara kumi ya 256, jumla yake 2815. Na ikiwa mtengenezaji alikusudia sehemu za mia za nyuzi, joto ni nyuzi 28.15, ambalo hapana mwenyeji wa Tanga atakayelikana. Geuza mpango, uifanye ya kwanza kuwa ya mafungu: sasa tuna 65,290, yaani nyuzi 652.90, joto la kuyeyusha risasi. Kosa hili si la kuogopwa sana, maana hata mtoto wa shule atalicheka. La kuogopwa ni lile linalofuata. Zipo programu zinazozihesabu namba za baiti mbili zilizopita 32,767 kuwa ni hasi, na kwa hesabu hiyo 65,290 hutoka kuwa −246, yaani nyuzi 2.46 chini ya sifuri, baridi ya alfajiri katika kilele cha Kibo. Kama kituo chenyewe kingekuwa mlimani badala ya pwani, namba hiyo ingepokewa, ingetiwa katika wastani wa mwezi, ingechapwa katika ripoti, na hapana ambaye angeinua uso wake kuuliza.

Mtaalamu Danny Cohen aliandika mwaka 1980 juu ya ugomvi wa mafundi kuhusu taratibu hizi mbili za kupanga baiti, akaufananisha na vita vya dini, akaomba amani. Taratibu zote mbili zingali hai hata leo, na faili yenyewe haikuambii imeandikwa kwa ipi.

Wasomi wa pwani wameijua hali hii tangu kale kwa njia nyingine. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalipokuwa yakihamishwa kutoka hati za Kiarabu kwenda hati za Kirumi katika karne ya 19, mwenye kuyasoma alikuta alama moja ikisimama mahali pa e na pa i, nyingine mahali pa o na pa u, na herufi ba ikibeba sauti zaidi ya moja, hata neno moja laweza kusomwa kwa namna tatu na zote zikawa Kiswahili. Mmisionari W. E. Taylor asingefika mbali katika kazi hiyo kama asingekuwapo Mwalimu Sikujua, mtu wa mji ule, aliyeyajua mashairi na watu waliotajwa ndani yake na magomvi yaliyoyazaa. Diwani ikaja kuchapwa mwaka 1940, nusu karne baada ya Mwalimu Sikujua kufariki, na kama maelezo yake yasingeandikwa angali hai, ni beti ngapi leo zingekuwa wino tu? Kila chombo cha kupimia kina Mwalimu Sikujua wake, ambaye aghalabu ni mhandisi mmoja katika kiwanda cha mbali, naye hastaafu kwa kutungoja.

Wamarekani wenyewe wameonja machungu haya. Vyombo viwili vya Viking vilivyotua Mirihi mwaka 1976 vilipeleka duniani matokeo ya majaribio ya kutafuta uhai katika udongo wa sayari ile, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu Joseph Miller wa Chuo Kikuu cha Southern California alipotaka kuyachungua upya, ilionekana kwamba data zilikuwapo ila mpangilio wake ulikuwa umesahauliwa, na walioujua walikuwa wamekufa au wametawanyika. Sehemu iliyookolewa iliokolewa kwa sababu baadhi ya watafiti wa awali walikuwa wamehifadhi namba zilizochapwa kwenye karatasi. Safari iliyogharimu mamia ya mamilioni ya dola ikawa inategemea kwamba mtu fulani hakulitupa bunda la karatasi! Nasi je, ambao vituo vyetu vya mvua na mito hununuliwa kwa fedha za miradi, mradi ukaisha, mshauri akarudi kwao, na programu ya kusomea ikabaki katika kompyuta moja ofisini ambayo hapana anayethubutu kuizima?

Nisieleweke kuwa nauchukia uandishi wa binari, yaani huu wa sifuri na moja tupu. Kando ya mto, penye betri ndogo na simu isiyoshika mtandao vizuri, ndio uandishi unaofaa, na asemaye kwamba vyombo viandike maneno ya wazi tangu mwanzo hajapata kulipa gharama ya kupeleka data kwa simu. Chukua kumbukumbu moja yenye saa katika baiti nne, joto katika mbili na kina cha maji katika mbili: jumla baiti nane. Iandike kwa maandishi ya kusomeka, tarehe na saa kwa ukamilifu, mkato, 28.15, mkato, 1432, na mwisho wa mstari, utakuta imekula baiti 31. Chombo kinachoandika kila sekunde hujaza kwa mwaka kumbukumbu 31,536,000, ambazo kwa binari ni megabaiti 252 na kwa maandishi zinakaribia gigabaiti moja. Lawama yangu haiiangukii binari. Inawaangukia wanaoiuza bila ya hati na wanaoinunua bila ya kuidai.

Hati yenyewe haina haja ya kuwa kitabu. Karatasi mbili zatosha kwa vyombo vilivyo vingi: baiti ipi yaanzia wapi na ina maana gani, mpango wake ni upi, kipimo ni kipi na hugawanywa kwa ngapi, na chombo huandika nini kinaposhindwa kupima. Hilo la mwisho husahauliwa kupita yote. Vyombo vingi huandika 255 na 255 kwa kusudio la kusema sikupata kitu, na mgeuzaji asiyelijua kusudio hilo hupata nyuzi 655.35, au kwa hesabu ile ya hasi hupata nyuzi 0.01 chini ya sifuri, akaamini kwamba usiku wa Tanga uliganda.

Kisha kuna saa, ambayo ni fitina peke yake. Chombo kimoja huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Kingine kinachofuata setilaiti za GPS huhesabu tangu tarehe 6 Januari 1980, na saa ya GPS imetangulia saa ya dunia kwa sekunde 18. Juu ya hayo, saa ya dunia iko nyuma yetu kwa saa tatu, na mwandishi wa daftari la kituo, akiandika kama asemavyo, huandika saa tisa kwa mvua ambayo mashine imeiandika saa 12. Haya yote hurekebishika maadamu yamejulikana. Lakini angalia yanavyoharibu swali lililo jepesi kabisa. Waangalizi wa hali ya hewa wa Afrika Mashariki husoma kipimamvua saa tatu asubuhi, na mvua ya siku kwao ni ile iliyonyesha tangu saa tatu hata saa tatu. Mtu wa kompyuta, asiyeambiwa hayo, huijumlisha data ya mashine tangu usiku wa manane hata usiku wa manane mwingine, tena kwa saa ya dunia, akailinganisha na daftari la miaka 40 iliyopita, akatangaza kwamba mvua za masika zimebadili siku zake. Hazikubadili. Yeye ndiye aliyeikata siku mahali pengine.

Mambo haya yakishawekwa sawa, kazi iliyobaki siku hizi ni ya raha. SQLite, programu huria ya kuhifadhi na kuhoji majedwali, imekuwapo tangu mwaka 2000 na imo hata ndani ya simu yako. Umbo la faili liitwalo Parquet, lililotolewa mwaka 2013, huzihifadhi namba safu wima kwa safu wima, hivyo kwamba ukiuliza juu ya joto peke yake kompyuta haipotezi wakati kusoma kina cha maji, na namba zinazofanana zikiwa pamoja hubanwa zikawa ndogo mno. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret mwenye kompyuta ya kawaida aweza kulihoji jedwali la mistari milioni 30, ni siku zipi mto ulipanda kwa nusu mita ndani ya saa moja, na mvua ilikuwa imenyesha wapi kabla, akapata jibu kabla chai yake haijapoa. Miaka 30 nyuma swali hilo lilihitaji ofisi nzima.

Wala si ndoto, maana wapo waliokwisha kufanya hivyo. Wanajiolojia wa matetemeko walikubaliana katika miaka ya 1980 juu ya umbo moja la faili, SEED, ambalo hubeba mtikisiko uliopimwa na pia maelezo ya chombo kilichoupima, ili namba ghafi iweze kugeuzwa kuwa mwendo halisi wa ardhi na mtu asiyepata kukiona chombo hicho. Kituo cha Kilima Mbogo nchini Kenya ni mojawapo ya vituo vya mtandao wa dunia wa kupima matetemeko, na data zake husomwa na mtafiti wa Japani sawasawa na wa Nairobi, bila ya kumpigia simu muuzaji. Kwa nini tetemeko lipate heshima hiyo na mafuriko yasiipate, wakati mafuriko ndiyo yanayotuzuru kila mwaka?

Wauzaji wana hoja yao, nami nimeisikia mara nyingi. Husema kwamba mpangilio wa faili ni siri ya biashara, na kwamba mteja hana sababu ya kujisumbua, kwa kuwa data zake ataziona katika tovuti ya kampuni kwa ada ya mwaka. Siri ya biashara imo katika namna kihisi kilivyotengenezwa, na hiyo hapana aliyewaomba. Kueleza kwamba baiti ya tano ni joto hakumfundishi mshindani chochote. Na hiyo ada ni kodi ya kuitazama mvua iliyonyesha katika ardhi yako, iliyopimwa kwa mashine uliyoilipia, na bajeti ya mwaka mmoja ikipungua, mlango hufungwa na miaka yote iliyotangulia ikabaki ndani. Ofisi ya bonde la mto iliyokubali sharti kama hilo imeuza kumbukumbu yake kwa bei ya kutojisumbua.

Neno moja kwa maofisa wetu wenyewe, ili lawama isiende upande mmoja. Faili ghafi haitupwi hata baada ya kugeuzwa. Ugeuzaji hufanywa na wanadamu, na kipimo cha marekebisho kilichoaminiwa leo chaweza kuonekana kesho kuwa na hitilafu; mwenye faili ghafi atageuza upya, mwenye jedwali peke yake atabaki na majuto. Na kila safu iandikwe kipimo chake juu yake, kwani chombo cha Marekani kilichopotea Mirihi mwezi wa Septemba 1999 kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kama za metriki, na hapana aliyeandika kwenye safu.

Limebaki swali moja ambalo lina tarehe yake. Mashine nyingi zinazohesabu sekunde tangu mwaka 1970 huzihesabu katika baiti nne zenye alama ya hasi, na baiti hizo zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa za kwetu. Sekunde itakayofuata, mashine isiyotayarishwa itaandika kwamba leo ni tarehe 13 Desemba 1901, mwezi ambao reli ya kutoka Mombasa ilikuwa inafika Kisumu. Mita za maji na za umeme hufungwa kwa matarajio ya kudumu miaka 15 au 20. Zile zinazoagizwa mwaka huu, nyingi zitakuwa bado ukutani siku hiyo. Muuzaji aulizwe sasa saa ya mashine yake imeandikwa katika baiti ngapi na itajaa lini, na jibu lake liandikwe katika mkataba, katika ukurasa ule ule ulioandikwa bei.